Kichupa kimoja, membreni kumi

Mwanafunzi wa uzamili wa maabara moja ya Moshi alimwuliza msimamizi wake: "Dokta, kichupa hiki tumekisubiri wiki saba. Nikianza kukijaribu, nitabaki na nini?" Kilikuwa na mikrolita 100 za kingamwili ya kunasia gama-H2AX, yaani protini ya H2AX iliyobandikwa fosfeti DNA ilipoumia. Ukiichanganya moja kwa elfu katika mililita 10, kila membreni, karatasi nyembamba inayobeba protini za sampuli, inakula mikrolita 10. Kumi tu, kwisha habari. Msimamizi alitaka tatu ziende kwenye kuhakiki kwanza kama kingamwili yenyewe inafanya kazi.

Mwanafunzi ana hoja. Kiwanda kimeipima, watafiti wengine wameitumia, na hela ya ruzuku haina mjomba. Tena inakera mhakiki wa jarida mwenye friza tele anapomwagiza mwenye kichupa kimoja arudie jaribio.

Ila msimamizi naye anachukuliwa kuwa mgumu bure. H2AX ipo hata kwenye seli isiyoumia. Kingamwili hii inatafuta fosfeti inayobandikwa kwenye serini ya 139, kiungo kimoja cha mnyororo wa H2AX, nyuzi zote mbili za DNA zinapokatika, kazi ambayo kimeng'enya cha ATM huianza ndani ya dakika chache. Basi chukua membreni iliyotoka nyeupe, bila alama. DNA haikuumia? Au kingamwili iliharibika umeme ulipokatika, ikayeyuka, ikaganda, ikayeyuka tena? Huwezi kujua, mpaka uwe umeweka pembeni seli zilizolowekwa etoposidi, dawa ya saratani inayosababisha DNA kukatika. Hizo zikitoa bendi, yaani mstari wa protini, kwenye uzito wa kilodaltoni 15 hivi, kingamwili ni nzima. Kisha kipande kingine chenye seli hizohizo kiogeshwe fosfatezi, kimeng'enya cha kung'oa fosfeti. Bendi ikibaki vilevile, na fosfatezi yako ni nzima, ulikuwa unasoma kitu kingine.

Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun waliandika katika jarida la Nature kwamba dunia hutumia takriban dola bilioni 1.6 kwa mwaka kununua vinasa protini, kingamwili zikiwemo, na nusu yake, milioni 800, hupotea kwa vilivyo vibovu. Takwimu hiyo hainitoki kichwani. Ni makadirio, sawa. Ipunguze hiyo nusu iwe robo ya bilioni 1.6, bado ni milioni 400. Na wengi wa waliozipoteza wana jirani wa kumwazima kichupa koridoni. Wa Moshi akiazima, pengine ni hadi Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, Arusha, na barafu kwenye boksi.

Nisingemkatia tatu, lakini. Membreni moja ina njia, yaani safu za kupitishia sampuli, za kutosha: seli zisizotiwa dawa, seli za etoposidi, kisha sampuli zake. Ikatwe ukanda mmoja wa fosfatezi. Hivyo uhakiki unakula membreni moja na kipande. Na kama kingamwili haina gliseroli, siku kichupa kinapofika kigawanywe kwenye vichupa kumi vya mikrolita 10, kabla hakijaingia friza mara ya kwanza.