Bastola ya 7.65 si ya kutishia kunguru

Kati ya watu wa Tanga wenye leseni ya bastola, wafanyabiashara na wasimamizi wa mashamba ya mkonge, bastola ya 7.65, yaani ya risasi ya upana wa milimita 7.65, haina heshima. Wanaiita ya kutishia kunguru, na anayetaka ushauri huambiwa achukue milimita 9. Kwa nguvu, wamesema kweli. Risasi ya 7.65 Browning ina gramu 4.6 na hutoka kwa mita 270 hadi 300 kwa sekunde. Ile ya milimita 9, iitwayo Parabellum, ina gramu 7.5 na huzidi mita 340. Nguvu yake ni zaidi ya mara mbili.

Ila nguvu hiyo ina maana risasi ikishafika pale ilipolengwa. Katika bastola nyingi za 7.65, kama Walther PP ya 1929, mtutu umekazwa kwenye fremu, hauchezi, kwa hiyo risasi huangukia karibu karibu. Teke lake mkononi unapofyatua ni dogo. Mtu anayefanya mazoezi mara chache, na ndio wengi wetu, huirudisha shabaha haraka kwa risasi ya pili. Kwa bastola fupi na nyepesi ya milimita 9, mtu huyo huyo huanza kufumba macho kabla ya kufyatua.

Wanaoshuka hadi risasi ndogo ya .22 (ya inchi) kwa ajili ya bei siwaungi mkono. Fataki yake, ile inayowasha baruti, imo ndani ya ukingo wa ganda. Isipojaa pale pini inapogonga, hailipuki. Ya 7.65 iko katikati ya kitako, na hulipuka kwa uhakika zaidi.

Lawama inayoistahili 7.65 haisemwi: udogo wake ndio unaoipeleka kiunoni, na kiunoni kuna jasho, juu ya hewa ya chumvi inayotoka baharini. Bastola kubwa hubaki kwenye kabati la chuma ikiwa kavu. Hii ndogo huanza kutu mahali pasipoonekana: chini ya vibao vya mpini, ndani ya magazini, nyuma ya kulabu inayovuta ganda. Kulabu ikishika kutu, ganda huenda lisitoke vizuri na silaha ikakwama mkononi. Halafu lawama huenda kwa ukubwa wa risasi!

Kwa hiyo ifutwe kila inapovuliwa. Toa magazini kwanza, vuta sehemu ya juu, kagua chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa jicho na kidole, ndipo uifungue. Paka mafuta mepesi kidogo tu. Usiyatie kwenye tundu la pini, maana hushika uchafu na pini hupiga kwa uvivu. Wala usipake risasi, yatapenya hadi kwenye fataki. Usiilaze ndani ya mfuko wa ngozi, ngozi hutunza unyevu.

Kitako cha ganda la 7.65 kina ukingo mdogo uliotokeza. Risasi za ncha yenye tundu mara nyingi ni fupi kuliko za ncha ya mviringo, basi huacha nafasi ndani ya magazini. Zikitikisika, ukingo wa risasi ya juu huteleza nyuma ya ukingo wa ile ya chini, zikafungana, na ya juu haisogei tena. Kwa bastola za zamani, chukua za mviringo, na ujaribu magazini zako zote kwenye uwanja wa shabaha kabla ya kuibeba.