Zimeanguka Zote

Jino langu la mbele lilikufa Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu wa jadi, mbele ya mashahidi wasiopungua 20. Hakuna aliyenipiga. Wenye kupigana kwa migomba walikuwa huko uwanjani wakitoana hasira za mwaka mzima, na mie nimekaa zangu pembeni na soda, salama salimini. Kifungulio hakionekani. Shemeji yangu akasema, "Mpeni maalim, huyu zamani alikuwa akifungua kwa meno." Zamani! Lau ningelisikiliza neno hilo moja, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Kwa mwalimu, pengo la mbele si pengo, ni filimbi. Nasomesha hesabu skuli moja ya hapa mjini, na hizi hesabu, sijui nani alizipanga, zimejaa "s" tupu: sita, saba, sitini, sabini, sehemu, sawasawa. Nikifika sitini na saba darasa zima linageuka dirishani kumtafuta refa. Haikuisha wiki nikawa Maalim Filimbi. Nikatengenezewa jino la kubandika, lile la kuvaa na kuvua, likanisitiri miezi minane. Siku moja nikasema "sawasawa" kwa hasira, likaruka, likatua juu ya daftari la mtoto wa mstari wa mbele. Yule mtoto, Mungu ambariki, alinyosha mkono kwanza kama nilivyowafundisha, ndipo akasema, "Maalim, jibu lako hili hapa."

Jioni ile nikaamua: napandikiza jino, lile lisiloruka.

Nikaenda kliniki, mlango ukafunguliwa, daktari wa kike akatoka. "Maalim!" Nikamtambua kwa macho yaliyobaki juu ya barakoa. Kidato cha pili, dawati la tatu kutoka mlangoni, sehemu na desimali: 34 kwa 100. Mwalimu husahau majina. Alama hasahau.

Akanieleza kwa heshima zote. Ufizi utachanwa kidogo, taya litatobolewa, itatiwa skrubu ya titani yenye upana wa milimita 4 na urefu wa milimita 11. Mfupa utashikamana nayo kwa miezi mitatu mpaka sita, halafu ndipo jino lenyewe livishwe juu yake.

"Milimita nne," nikamuuliza, "au sifuri nukta nne?"

Akacheka. Mie sikucheka.

Aliponiona nimeshika mikono ya kiti akanipa hadithi ya kunitoa hofu. Mwaka 1952, mtafiti mmoja wa Sweden, Brånemark, alitia vifaa vidogo vya titani kwenye mfupa wa sungura, anataka kuangalia damu inavyotembea mle ndani. Alipokuja kuvitoa havitoki, vimeshagandana na mfupa. Ndipo akili ikamjia. Mwaka 1965 akamwekea mtu wa kwanza, Gösta Larsson, na zile skrubu zikakaa naye mpaka alipofariki 2006. "Umeona, maalim? Zaidi ya miaka 40!"

Sikuona. Mie nilibaki kwa sungura. Katika ngano zetu zote sungura kamshinda fisi, kamshinda simba, kamchezea tembo. Kama huyo mjanja alikamatwa akatiwa chuma mfupani, mimi niliyeshindwa na chupa ya soda nitanusurika vipi?

Masharti ya siku yenyewe yalikuwa mepesi: kula asubuhi ushibe, kahawa usinywe, vuta pumzi taratibu. Basi siku ilipofika sikuweza kumeza hata tonge, na miguu ikanipeleka yenyewe Jaws Corner, kwenye baraza la kahawa. Nimepita pale toka utotoni na sijawahi kuliwazia jina lile. Asubuhi ile ndiyo likanigonga kwamba "jaws" kwa Kiingereza ni mataya. Nikakaa. Mzee mmoja akanihakikishia kwamba chuma kikitiwa kichwani utakamata redio. Mwengine akasema la, hukamati redio, ila uwanja wa ndege watakuvua kofia kila safari. Kila mmoja akitoa lake, muuza kahawa ananimiminia. Vikombe vile ni vidogo, huhisi unakunywa. Nilipoinuka nilikuwa nimelipia saba na kashata mbili.

Nesi akanifunga mkanda wa presha. 168 kwa 104. Akapima tena, ikapanda.

"Maalim," daktari akasema, "umekunywa nini?"

"Maji."

"Ya rangi gani?"

Nikarudishwa nyumbani nije wiki ijayo, kama mtoto aliyekuja skuli bila ya viatu.

Wiki ile sikulala. Mke wangu alinivumilia usiku wa kwanza na wa pili, wa tatu akahamia chumba cha watoto. Aliyenionea huruma ni Bibi, mzaa mama, ambaye tunaishi naye Jang'ombe. Akaniita chumbani kwake, akafungua mkoba, akatoa tasbihi yake. Naomba mnielewe: tasbihi ile hajawahi kuishika mtu. Babu alirudi nayo Makka, safari ya meli, kabla mie sijazaliwa. Punje 99, nyeupe, zimelainika kwa vidole vya Bibi mpaka zinang'aa.

"Mume wangu," akaniambia, ndivyo anavyoniita mie na wajukuu wote wa kiume, "ukiogopa, hesabu. Si ndiyo kazi yako?" Kisha, mie nishafika mlangoni: "Na irudi kama ilivyokwenda."

Siku ya kurudi kliniki nikawa mwanafunzi mtiifu. Nikala ndizi, mkate na mayai mawili. Kahawa sikuigusa. Kosa langu ni moja tu, nalo si langu, la jirani yangu Mpemba. Alinambia karafuu inatia ganzi ufizi kabla ya sindano, na hilo ni kweli, watu wa meno wenyewe wanatumia mafuta yake. Hakunambia punje ngapi. Mie nikatafuna kiganja kizima njia nzima ndani ya daladala, na nilipofika kliniki ulimi unawaka moto, machozi yananitoka.

Nesi akaniinamia, akanusa. "Daktari, maalim kaja na pilau."

Nikasukutua mara nne. Presha 138 kwa 86. Daktari akaridhika, akanilaza. "Sasa, maalim, vuta pumzi ukihesabu moja mpaka nne. Toa ukihesabu moja mpaka sita." Wallahi, yule wa 34 kwa 100, ananifundisha mie kuhesabu. Na nikashindwa! Nikifika tatu naanza upya.

"Ukihisi chochote kinauma, nyanyua mkono wa kushoto, nitasimama hapo hapo. Ganzi hii ina dawa ya kubana mishipa, kwa hiyo moyo utakwenda mbio dakika moja mbili. Ni dawa, si wewe." Kwa hilo namshukuru mpaka kesho, maana moyo ulipoanza kupiga kama ngoma ya beni ningeshatoa shahada. Mdomo wa juu ukavimba, ukawa si wangu. Nikafunikwa uso kwa kitambaa cha kijani chenye tundu mdomoni tu. Mkono wa kushoto huru. Wa kulia, chini ya shuka, umeshika tasbihi ya Bibi.

Keekee ikaanza. Haikuwa na mlio wa kutisha niliokuwa nikiuota. Inakwenda polepole, na maji yanamwagwa juu yake mfupa usipate moto. Unasikia mtikisiko tu, kama jirani anatoboa ukuta wa kwake. Nikayasubiri maumivu kama unavyosubiri boti ya Pemba iliyochelewa: unajua itafika, hujui saa ngapi. Haikufika. Lakini mie, kwa kule kusubiri, nikaikamua tasbihi, nikaikamua, nikaikamua.

Ta.

Kitu kimeanguka sakafuni. Kidogo, kigumu. Ta, ta. Tatatata-ta.

Nesi akapiga ukelele: "Yallah! Zimeanguka zote!"

Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili angetulia palepale. Meno hayaanguki kwa "zi", meno huanguka kwa "ya". Lakini mie ni mtu wa hesabu, ngeli nilizifaulu kwa kuangalizia. Nikautuma ulimi ukapeleleze meno ya juu. Ukakuta pamba tupu. Basi ndiyo hivyo, nikasema moyoni, wameligusa moja wameyaamsha yote.

Na sauti haikomi. Nikahesabu, hofu ikinizidi nahesabu. Kumi. Kumi na tano. Ishirini na sita. Nilikuwa na meno 31, na ilipodondoka ya 31 nikajua kinywa ni kitupu, nikaanza kumfikiria mke wangu na uji wa maisha. Ta, ikaanguka ya 32. Ya 33. Ya 40. Hapo ndipo akili ya kazi ilipoamka: mtu mwenye meno 31 hawezi kudondosha 40. Ama na ya nesi nayo yanadondoka, ama kuna kosa mahali.

Nikakunja mkono wa kulia. Uzi mtupu.

Hapo, jamaa zangu, ndipo nilipojua kuogopa. Yale ya wiki mbili yalikuwa mazoezi. Nikanyanyua mkono wa kushoto juu kabisa.

Daktari akasimama hapo hapo, kama alivyoahidi. "Inauma?"

"Aa-hihi!" nikasema. "Aa-hihi ya Hihi!" Jaribu wewe kusema "tasbihi ya Bibi" na mdomo wa juu umekufa, pamba mbili na vidole vya watu ndani.

"Ganzi haijakolea," daktari akamwambia nesi, na akaniongezea sindano.

Nikanyanyua tena mkono, safari hii nikionyesha sakafuni kwa kidole. Nesi akaelewa, akakimbilia zile zilizokuwa karibu na mlango, akakanyaga moja. Kitambaa kilikuwa kimenisogea kidogo, nikamwona kwa jicho moja: aliteleza hatua mbili wima bila ya kuinua mguu, akaukumbatia mlingoti wa taa. Daktari hakugeuka. "Usiziguse, utachafua mikono. Tumalize kwanza." Mie huku nimefumbua jicho langu moja nazifuata punje. Tano chini ya kabati. Tatu pembeni mwa ndoo. Moja inazunguka peke yake katikati ya chumba, haitaki kulala. Nikasikia kitu kinakaza mdomoni, kr, kr, kr, nikaona kinanichelewesha tu.

"Tumemaliza, maalim."

Nikamtazama. Skrubu je?

"Ishaingia. Ulipokuwa ukituonyesha za chini ya kabati."

Akanipa picha ya eksirei niione: skrubu imesimama wima ndani ya taya kama nguzo ya umeme. "Milimita kumi na moja," akasema, kisha akaongeza taratibu, "nimepima mara mbili." Nikampa 90 moyoni. Kumi nimezikata kwa ile sindano ya pili.

Kisha tukapiga magoti sote watatu, mimi na barafu shavuni. Zikapatikana 98. Tukahamisha kabati, tukamimina ndoo, nesi akavua hata viatu. 98. Uzi wa zamani umeoza, haufungiki, basi daktari akakata dhiraa mbili za uzi wa kusafishia meno, ule wenye nta, na nesi akazitunga moja moja. Ilivutia, sikatai. Ila inanukia peremende.

Nyumbani Bibi alikuwa barazani ananingojea. Nikampa tasbihi kwa mikono miwili, akaipokea, akaisogeza puani.

"Mbona inanukia bigijii?"

Nikaonyesha mdomo wangu kwamba sijaweza kusema, na hilo halikuwa uongo. Nikatia mkono mfuko wa shati kutoa leso nijifute mate. Leso ikatoka, na ndani ya leso, nyeupe, inang'aa, punje ya 99. Sijui ilirukaje. Nikaishika kiganjani kwa furaha, nikamnyoshea Bibi.

Bibi akainama kuitazama. Macho yake si ya jana.

"Masikini mume wangu," akasema. "Ndilo hilo walilokutoa? Na zima hivi!"

"Hahana, Hihi! Unhe! Unhe ya—"

"Nyamaza, usijiumize." Akaichukua kwa ncha za vidole, akashuka barazani kwa mkongojo wake, akasoma maneno yake kimyakimya, na akalirusha jino langu juu ya bati, kama alivyokuwa akiyarusha yale ya utotoni. Ta. Ta. Ta-ta-ta, likaviringika upande wa pili, kwenye mtaro.

Akarudi ameridhika, akakaa, akaanza kuvuta tasbihi. Mie nimesimama mlangoni na barafu yangu. Thelathini na tatu za mwanzo zikapita. Za pili zikapita. Nikamwona anakaribia mwisho, kidole kikatafuta punje, kikakuta fundo.

Akaitazama tasbihi. Akanitazama mimi. Akarudi mwanzo, akaanza kuhesabu kwa sauti.