Level siti iliisha, hesabu ya tajiri ikabaki

Machi 2020, baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, daladala ziliamriwa kubeba abiria kulingana na viti. Watu wakaiita level siti. Leo ukiikumbusha Dodoma utajibiwa kwamba haina la kutufundisha: nchi haikufungwa, na riziki ilitafutwa vilevile. Jibu hilo lina uzito. Safari za mji huu zimebadilishwa zaidi na Serikali kuhamia hapa, kisha na treni ya SGR, reli mpya ya kisasa kutoka Dar, iliyoanza kufika Julai 2024. Mtumishi anayelala Nkuhungu na kufanya kazi Mtumba, uliko Mji wa Serikali, hakupangiwa safari hiyo na korona.

Ila amri ile ilianika jambo tusilopenda kulitazama. Dereva hupeleka hesabu, yaani kiasi alichopangiwa, kwa tajiri mwenye gari kila jioni. Akishatoa na mafuta, kinachobaki ndicho chake na konda. Mara nyingi kinatoka kwa abiria waliosimama. Waondoe hao, acha nauli na hesabu palepale, na dereva atakatisha ruti au ataegesha gari. Aliyeachwa kituoni ataingia bajaji ya kuchangia, wakae watatu bega kwa bega. Hapo kinga iko wapi? Amri ilimtazama abiria, biashara ikabaki ilivyokuwa.

Wanaotaka tujifunze kutokana na korona huitaja Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ambako Machi hiyohiyo njia za muda za baiskeli zilifunguliwa kwa kupanga koni barabarani. Mimi niko nao. Baiskeli si ngeni kwa mtu wa Bahi au Chamwino, na mpango wa mji mkuu wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Kanada, uliwapa kipaumbele waenda kwa miguu, baiskeli na mabasi. Tulichokosa ni kuutekeleza. Ninapoachana nao ni wanaposema msongamano ni ugonjwa, basi viwanja vitawanywe zaidi. Dodoma imekwisha kutawanyika vya kutosha! Nyumba zikiwa mbalimbali basi halijai, na kila kaya inabaki kutegemea gari lake au bodaboda.

Vikao vya mtandaoni navyo vilionekana vingepunguza safari za Dar. Mawaziri wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana kwa video Machi 2020 na kazi ikaenda. Lakini SGR imeifanya safari hiyo kuwa ya saa tatu na ushei, na kikao cha mtandaoni, tuseme ukweli, hakina posho ya safari.

Kwangu, mahali pa kuanzia ni ruti ya Mtumba: wenye mabasi walipwe kwa kilomita walizotembea kwa ratiba, nauli ziingie kwenye mfuko mmoja, na zisipotosha Serikali ijazie. Hapo siku ikitolewa tena amri ya kutosimamisha abiria, dereva hatakuwa na sababu ya kuikwepa. Wanaopinga watauliza kwa nini kodi ya mkulima wa Kongwa ilipie viti vitupu saa sita mchana. Wana haki ya kuuliza. Ningewajibu kwamba ruzuku hiyo iwe na kikomo na ihesabiwe hadharani, kwa sababu sasa hivi gharama analipa mama anayesubiri daladala kituoni Ihumwa, na hakuna anayeiandika popote.