Tuliyoyafuata Lisbon tuliyaacha Raskazone

Mwaka wa kumi na nane wa ndoa yetu, mimi na baba watoto tulikaa juu ya ukuta mmoja wa mawe kule Lisbon, miguu inaning'inia, tunamenya machungwa. Hatukuwa na pa kuwahi. Hapakuwa na mgonjwa wa kumjulia hali, wala matanga, wala mchango wa harusi. Chini yetu mto Tejo umetanda kama bahari, pantoni zinavuka kwenda Cacilhas. Akaniambia, "Hapa si kama Raskazone?" Nilicheka mpaka chungwa likaniponyoka. Sote wawili tumezaliwa Ngamiani, Tanga, na tulikuwa hatujawahi kukaa Raskazone, ufukwe wa huko huko kwetu, peke yetu hata nusu saa.

Tunaishi Hamburg. Kutoka huko hadi Lisbon ni mwendo wa saa tatu na kitu kwa ndege, kwa hiyo tuliondoka Ijumaa tukarudi Jumapili, watoto tukamwachia wifi yangu. Mambo ya wapiga picha tuliyafanya pia: tulipanda tramu namba 28, tumesimama tumebanwa kama kwenye daladala, ila nauli ni ya Ulaya.

Lakini mtaa wa Alfama ulinishika. Vichochoro vya kupitia mtu na mtu, nguo zimeanikwa dirishani, harufu ya samaki wa kuchoma tangu mwanzo wa ngazi. Hata jina lake limetokana na Kiarabu, kwa sababu palikuwa na chemchemi za maji moto, kama yale ya salfa yetu ya Amboni. Usiku tukaingia kusikiliza fado, nyimbo za huzuni za Wareno. Mama mmoja kajitanda shali nyeusi, kafumba macho, anaimba. Neno sikujua hata moja, lakini nilielewa kabisa kwamba kuna mtu kamuumiza. Ni taarabu ile, wallahi, tofauti ni kuwa wao hawatuzi. Akiimba mwimbaji, ukumbi mzima kimya. Hata mhudumu haleti sahani. Mimi niliyelelewa na kina mama wanaoinuka na noti mkononi kwenda kumtunza msanii na kumrushia jirani jicho, niliona ule ukimya kama adhabu. Mume wangu akanikanyaga mguu nisisimame.

Siku ya pili tukaenda Belém, kwenye kanisa kubwa alikozikwa Vasco da Gama. Foleni ndefu! Mume wangu akasimama mbele ya kaburi la yule bwana kama anayemdai. Na deni lipo. Mwaka 1498, jahazi lake moja, São Rafael, lilikwama kwenye mafungu ya pwani ya Mtangata, kusini ya Tanga. Mabaharia wenyewe waliandika kwamba watu wa huko waliwafuata na vyombo viwili vyenye machungwa, mazuri kuliko ya Ureno. Januari 1499, wakati wa kurudi, kiseyeye kimewamaliza watu na mikono ya kuendesha majahazi matatu haitoshi, wakaichoma moto São Rafael papo hapo. Mtangata ndiyo inayotajwa kuwa Tongoni ya leo, kilomita zisizozidi 20 kutoka mjini. Kuna msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo ya karne nyingi, na hakuna foleni. Sisi tulilipa nauli ya ndege kwenda kulitazama kaburi la mgeni, ya wenyeji tulikuwa hatujayaona.

Ndipo nikaanza kupiga hesabu. Tukienda Tanga huwa tunakwenda kazini. Masanduku yana majina ya watu, siku zimegawiwa kabla hatujatua. Yeye anaishia barazani kwenye kahawa chungu na kashata, mimi naishia uani nakuna nazi na kusikiliza nani kaachwa. Usiku tunakutana tumechoka, tunaulizana tu bahasha ya nani imebaki. Wenzangu wa ughaibuni husema Ulaya wanajua kupumzika kwa kuwa wana pesa. Siamini. Kule Lisbon starehe yetu kubwa ilikuwa ule ukuta, na ukuta ni bure. Kwetu mke na mume wakikaa pamoja bila sababu wanaonekana hawana kazi, au wana jambo.

Sisemi Lisbon ni peponi. Siku tatu hakuna aliyetuamkia ila wa mapokezi. Wenyeji wa Alfama wenyewe wanalalamika kodi zimepanda na nyumba zimegeuzwa za kupangisha watalii kama sisi. Jumapili asubuhi nilitamani mtu yeyote aniulize, "Umeamkaje?" Ngamiani huvuki barabara mbili bila kujibu salamu kumi. Nazikosa, ingawa nikiwa huko zinanichosha.

Basi mara ya mwisho tulidanganya. Tuliwaambia ndugu tunafika Jumamosi, tukafika Alhamisi, tukachukua chumba Raskazone. Asubuhi tukakodi bajaji mpaka Tongoni. Tulikuwa wawili na mlinzi na kuku. Tukarudi na mfuko wa machungwa ya Muheza, tukakaa ufukweni, jua linashuka nyuma yetu na bahari inageuka rangi ya zambarau. Mume wangu akaniegemea bega. Wajameni, nilitazama kushoto na kulia kama mwizi.

Hatukumaliza chungwa la pili, simu ikalia. Shangazi yake. Dereva wa bajaji kumbe ni mkwe wa jirani.

"Mwanangu, naambiwa mpo Raskazone tangu jana, mmekaa mchangani wewe na mumeo. Haya, niambie mimi: nani kawaudhi?"