Agosti Cinque Terre haipitiki
Inanikera sana watu kushauriwa "nendeni Agosti" kana kwamba Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani ya Italia, haina miezi mingine. Tarehe 15 Agosti ni Ferragosto, sikukuu ya Italia nzima, na Waitalia wenyewe wamehamia baharini. Treni ya kutoka mji wa La Spezia kwenda Vernazza, kimojawapo cha vijiji hivyo, inajaa mpaka mlangoni, jasho la mwenzako liko begani mwako, na ukishuka, njia ya kwenda bandarini haipitiki. Bei za vyumba ndiyo usiseme! Jamani, nendeni katikati ya Septemba: bahari bado ina joto, na zabibu zinavunwa kwenye matuta ya mlimani. Ila msivute mpaka mwishoni mwa Oktoba. Mvua za huko si za mchezo. Mwaka 2011 mafuriko yaliijaza Vernazza matope.