Kichwa cha Augustus ni kazi ya Meroe

Macho ndiyo yaliyonisimamisha. Nilikuwa London, ndani ya British Museum, na nilikwishapita mbele ya watawala kadhaa wa Roma waliochongwa kwa marumaru, macho yao meupe matupu kwa sababu rangi iliyopakwa juu yake ilibanduka zamani. Kisha nikakuta kichwa kimoja cha shaba nyeusi, kimo chake sentimita 46 hivi, kikubwa kuliko kichwa cha mtu. Hiki kilikuwa kinatazama. Weupe wa jicho ni jiwe, mboni ni kioo. Nilijikuta nimesogea pembeni, kama mtu aliyegundua kwamba ameziba njia ya mkubwa.

Huyo ni Augustus, yuleyule Kaisari Augusto wa Injili ya Luka aliyetoa amri watu waandikwe. Wataalamu wanakiita Kichwa cha Meroe, na vitabu vya sanaa ya Roma hukiweka kwenye sura ya picha za watawala, kama vile Meroe, mji mkuu wa kale wa ufalme wa Kushi katika Sudan ya leo, ni mahali kilipookotwa tu. Mimi naona wamekiweka katika sura isiyo yake. Kichwa hiki kilitengenezwa mara mbili: kwanza na Warumi waliokisubu, kisha na Wakushi waliokizika. Ile kazi ya pili ndiyo ninayotaka tuitazame kwa heshima.

Ya kwanza nayo haikuwa ndogo. Augustus alizaliwa mwaka 63 KK, akafa mwaka 14 BK akikaribia miaka 76, lakini sanamu zake hazikuzeeka hata siku moja. Wazee wa Roma waliomtangulia walipenda kuchongwa na makunyanzi yao, mashavu yaliyobonyea na vipara, kwa kuwa uzee ulikuwa cheti cha utumishi. Yeye akachagua ngozi laini ya kijana, akabaki nayo miaka zaidi ya 40. Kielelezo kilitoka Roma, mafundi wa mikoani wakakinakili, na ndiyo maana zaidi ya sanamu 200 zake zilizosalia zinafanana hata kwa mashungi ya nywele: juu ya paji la uso nywele zimegawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Wataalamu wa leo humtambua kwa kuhesabu mashungi hayo. Mkazi wa Aswan ambaye asingemwona Augustus maisha yake yote alipaswa kuijua sura ile kama anavyoijua sura iliyo kwenye dinari. Wasomaji wa Biblia wanalikumbuka swali lile kuhusu sarafu, sanamu hii ni ya nani. Jibu lilikuwa rahisi kwa sababu kazi ilikuwa imefanywa vizuri.

Na macho? Suetonius, mwandishi wa Kirumi aliyeandika maisha yake kiasi cha karne moja baada ya kifo chake, anasema Augustus alikuwa na macho maangavu na alipenda watu waamini kwamba yana nguvu ya kimungu. Alifurahi mtu aliyetazamwa naye alipoinamisha uso kama aliyekutana na jua. Fundi aliyepachika kioo kwenye shaba ile alijua anachotafuta: unyanyue macho, kisha uyashushe.

Mwaka 25 KK au karibu na hapo, sehemu ya jeshi la Roma lililokuwa Misri ilipelekwa vitani Uarabuni. Wakushi wakashuka na mto Naili, wakaiteka Syene, ambayo ndiyo Aswan ya leo, pamoja na visiwa vya Elephantine na Philae, wakaangusha sanamu za Kaisari na kuondoka na mateka. Habari hizi tunazo kutoka kwa Strabo, mwanajiografia aliyeishi wakati huohuo na aliyefika Syene yeye mwenyewe. Anamtaja mtawala wa Wakushi, Kandake, mwanamke shupavu mwenye chongo. Jina hilo si geni kwetu. Towashi Mkushi wa Matendo ya Mitume alikuwa mtumishi wa Kandake mwingine wa baadaye, kwa maana Kandake ni cheo. Huyu wa vita watafiti wengi wanaona ni Amanirenas.

Gavana wa Misri, Gaius Petronius, akalipiza kisasi. Strabo anasema Kandake aliahidi kurudisha mateka na sanamu, lakini Petronius akaivunja Napata, mji mwingine mkubwa wa Wakushi, hata hivyo, akaacha askari 400 kwenye ngome ya Premnis na chakula cha miaka miwili. Vita viliishia mezani, katika kisiwa cha Samos, ambako Augustus aliwapokea wajumbe wa Kandake na kuwafutia kodi. Kichwa cha shaba hakikurudi. Kilikuwa Meroe, kusini kabisa, kimefukiwa mbele ya mlango wa hekalu dogo ili kila aingiaye na atokaye apite juu yake.

Hapo ndipo ninapoliona tendo la sanaa. Kukanyaga sura ya adui ilikuwa lugha ya kale ya bonde la Naili: kwenye nyayo za viatu vya Tutankhamun wamechorwa maadui waliofungwa, mfalme akitembea anawakanyaga. Ndani ya hekalu lile la Meroe nako kuta zilikuwa na michoro ya mateka. Wakushi walichukua sanamu iliyotengenezwa ili watu wainamishe uso mbele yake, wakaiweka mahali ambapo yenyewe iko chini ya miguu. Hawakuhitaji kuchonga kitu kipya. Walibadilisha mahali tu, na maana yote ikapinduka.

Tena hawakuiyeyusha, ingawa shaba ilikuwa mali. Hawakuyang'oa macho. Ni lazima Augustus abaki Augustus, la sivyo hakuna ushindi wa kukanyaga. Linganisha na walivyofanya Warumi wenyewe. Walipomchukia Kaisari Domitian walizichonga upya sanamu zake zikawa za mrithi wake, Nerva. Kaisari Caracalla alipomuua mdogo wake Geta, mwaka 211, uso wa Geta ulifutwa kwenye picha ya familia iliyochorwa juu ya ubao, ambayo leo iko Berlin: baba yao Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna nchini Libya, yupo, mama yupo, kaka yupo, na pale alipokuwa mtoto pamebaki doa. Roma ilifuta. Augustus mwenyewe, kwa maandishi yake, aliziondoa sanamu zake za fedha zipatazo 80 mjini Roma ili zigeuzwe zawadi za dhahabu kwa mungu Apollo. Sanamu nyingi za shaba zilizoachwa juu ya viguzo vyake kwa heshima ziliishia kwenye tanuri za karne zilizofuata. Kichwa kilichotukanwa kikalindwa na mchanga mkavu, macho na yote, mpaka mwanaakiolojia John Garstang wa Liverpool alipokifukua Desemba 1910.

Kwa hiyo kila anayesifu uhai wa macho yale anasifu pia kazi ya Wakushi, ajue asijue. Mwaka 1911 kikawa mali ya British Museum, na nchi kilikotoka ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, bila sauti katika jambo hilo. Mimi ni miongoni mwa wanaotamani kirudi Sudan siku nchi ile itakapopata amani. Warumi walikidai wakakikosa. Nyara hiyo ilikuwa ya Meroe kwa zaidi ya miaka 1,900.

Hadi siku hiyo, ningeomba jambo moja dogo. Kishushwe. Kiwekwe kwenye shimo fupi mbele ya mlango, juu yake kioo kinene cha kubeba uzito wa watu, na kando yake picha ya ngazi za hekalu la Meroe. Atakayetaka kuyaona macho ya Augustus ainame mwenyewe, kisha achague kama atakizunguka kioo kile au atapita juu yake.