Mabao Yanayoletwa na Beki

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, mashabiki wa klabu kubwa hugawanyika, na mgawanyiko huo hufika hadi kwenye meza ya wakurugenzi. Wengine wanataka mshambuliaji mwingine wa jina kubwa. Wengine wanauliza nani atacheza beki wa kati ikiwa waliopo wataumia, au nani atasimama mbele ya mabeki wakati kiungo mkabaji aliyezoeleka anazeeka. Hawa wa pili husikilizwa kwa heshima kisha huwekwa kando, kwa sababu ombi lao huchukuliwa kuwa ni ombi la woga: anayetaka beki, inadhaniwa, yuko tayari timu ifunge mabao machache mradi tu isifungwe. Kwa maoni yangu hapo ndipo mjadala mzima unapopotoka. Hoja nzito kuliko zote ya kusajili beki haimo katika safu ya mabao ya kufungwa kwenye jedwali la ligi, bali imo katika safu ya mabao ya kufunga, ambayo watu hawafikirii kabisa kuitazama wanapomjadili beki.

Lakini kwanza upande wa washambuliaji upewe haki yake, maana hoja yake si dhaifu. Mfungaji wa kuaminika ni adimu na soko halimsubiri mtu. Mkataba wa mshambuliaji Kylian Mbappé na PSG, klabu ya Paris, ulipomalizika mwaka 2024, Real Madrid ilimpata bila kuilipa klabu yake ada ya uhamisho, na uongozi ambao ungemwacha aende kwingine kwa sababu kwanza ulitaka beki wa kati ungelaumiwa kwa miaka mingi. Aidha, ukuta peke yake hauleti kombe. Katika msimu wa 2024/25 Arsenal ilifungwa mabao 34 tu, machache kuliko timu nyingine yoyote ya Ligi Kuu ya Uingereza, lakini ilitoka sare mara 14 na kumaliza pointi 10 nyuma ya Liverpool, iliyokuwa imefungwa 41. Nchini Hispania, msimu huohuo, Barcelona ilifungwa mabao 39 na Real Madrid 38. Barcelona ikawa bingwa kwa sababu ilifunga 102. Anayedai kwamba ubingwa huamuliwa na safu ya ulinzi pekee hana la kujibu mbele ya msimu kama huo.

Hata hivyo, msimu huohuo ulileta tarakimu nyingine ambazo nimezirudia mara nyingi. Msimu wa 2023/24, kabla Mbappé hajafika, Real Madrid ilifunga mabao 87 katika ligi na kufungwa 26. Msimu uliofuata Mbappé alifunga 31 na kuwa mfungaji bora wa La Liga, ligi kuu ya Hispania, jambo ambalo lilikuwa hasa ndilo aliloletwa kulifanya. Jumla ya mabao ya timu ikashuka hadi 78, na ya kufungwa ikapanda hadi 38. Jijini Paris, ambako alikuwa amefunga mabao 27 ya ligi katika msimu wake wa mwisho, PSG ilipanda kutoka mabao 81 hadi 92 baada ya yeye kuondoka. Timu moja iliongezewa mabao 31 ikapungukiwa na 9, na nyingine iliondokewa na mabao 27 ikaongeza 11.

Haitakuwa haki kumbebesha Mbappé lawama hiyo, kwani alitimiza wajibu wake. Kiungo Toni Kroos alistaafu, beki wa kulia Dani Carvajal akaumia goti Oktoba, beki wa kati Éder Militão naye akaumia goti Novemba, na hakuna klabu inayopita katika majeraha ya namna hiyo bila kuyumba. Lakini beki Nacho alikuwa ameondoka majira yale ya kiangazi na hakuna beki wa kati aliyenunuliwa kuchukua nafasi yake, kwa hiyo kila jeraha lilizibwa kwa kumtoa mtu mahali pengine. Aurélien Tchouaméni alirudishwa kutoka kiungo kucheza beki wa kati. Lucas Vázquez, na baadaye Federico Valverde, wakapelekwa beki wa kulia. Kiungo Jude Bellingham, ambaye msimu uliotangulia alikuwa akichelewa kwa makusudi na kuingia kwenye eneo la hatari akiwa hana mtu, sasa alikuwa na kazi nyingi zaidi ya kurudi kuziba nafasi. Mabao yake ya ligi yakashuka kutoka 19 hadi 9. Upungufu wa beki mmoja ulihamia kwa kiungo, ukatoka kwa kiungo ukafika kwa mfungaji.

Kama jambo hili lingetokea mara moja tu, ningeliita bahati mbaya. Klabu hiyohiyo, mwaka 2003, ilimleta David Beckham na kumwachia kiungo mkabaji wake, Claude Makélélé, aende Chelsea. Hadithi hiyo inajulikana, na kwa kawaida husimuliwa kwa mabao ya kufungwa, ambayo kweli yalipanda kutoka 42 hadi 54 na timu ikamaliza nafasi ya nne. Kinachosahaulika ni kwamba mabao ya kufunga nayo yalishuka, kutoka 86 hadi 72, wakati Zidane, Figo, Raúl, Ronaldo na Beckham wote walikuwa kwenye kikosi kimoja. Manchester United ilimrudisha Cristiano Ronaldo mwaka 2021 na akafunga mabao 18 ya ligi. Timu iliyokuwa imefunga 73 na kufungwa 44 msimu wa nyuma ikafunga 57 na kufungwa 57. Ni kweli kwamba beki wa kati Raphaël Varane alisajiliwa dirisha lilelile, lakini kiungo mkabaji, ambaye pengo lake kila mtu alikuwa akiliona, hakuja hadi Casemiro aliposajiliwa mwaka uliofuata.

Sababu ya hali hii utaiona ukimfuatilia beki wa pembeni kwa dakika tano badala ya kuufuatilia mpira. Mpira uko kwa winga wa upande wake, na winga amekabwa na watu wawili. Ikiwa beki huyu anamwamini beki wa kati aliye nyuma yake, kwamba ana mbio na kwamba hashindwi akibaki peke yake na mshambuliaji, atakimbia mita thelathini kupita nje ya winga, na mmoja wa wale wakabaji atalazimika kumfuata. Winga anabaki na mtu mmoja. Ikiwa hamwamini, ataishia karibu na mstari wa kati, atanyoosha mkono kuomba pasi, na winga atageuka kumrudishia, naye ataurudisha kwa kipa. Shambulizi limekufa hapo, na hakuna mchambuzi atakayeandika kwamba bao halikuzaliwa kwa sababu ya beki wa kati aliyekuwa mita hamsini nyuma. Hali hiyo ikirudiwa mara kumi katika kila mchezo kwa michezo 38, tarakimu nilizozitaja hapo juu zinaanza kueleweka.

Liverpool imeishi pande zote mbili za suala hili, na ndiyo inayonifanya niamini kwamba si suala la takwimu tu. Msimu wa 2013/14 ilifunga mabao 101, Luis Suárez akifunga 31 na Daniel Sturridge 21, huku ikifungwa 50. Tarehe 5 Mei 2014, ugenini kwa Crystal Palace, ilikuwa ikiongoza 3-0 hadi dakika ya 79. Ilikuwa ikiwania ubingwa na Manchester City, ambayo ilikuwa mbele kwa tofauti ya mabao, kwa hiyo wachezaji waliendelea kupanda kutafuta la nne na la tano. Damien Delaney akafunga moja, Dwight Gayle akafunga mawili, na kufikia dakika ya 88 ilikuwa 3-3. Kipenga kilipolia, Suárez alijifunika uso kwa jezi yake na kutolewa uwanjani akilia. Alikuwa mshambuliaji bora wa ligi msimu ule, na alilia kwa mabao ambayo yeye asingeweza kuyazuia. City ilikuwa bingwa ikiwa na mabao 102, moja tu zaidi ya Liverpool, lakini ilikuwa imefungwa 37.

Miaka minne baadaye klabu hiyo ilifanya jambo ambalo wengi waliliona kuwa ni kurudi nyuma. Januari 2018 ilimuuza Philippe Coutinho, mchezaji wake mbunifu kuliko wote, kwa Barcelona, na mwezi huohuo ikalipa pauni milioni 75 kumnunua beki wa kati, Virgil van Dijk. Majira ya kiangazi yaliyofuata ikamnunua kipa Alisson kutoka Roma. Kwa kipimo cha wale wanaomwona beki kama breki, mabao yalipaswa kupungua. Mabao ya kufungwa katika ligi yalishuka kutoka 38 msimu wa 2017/18 hadi 22 msimu wa 2018/19, hilo lilitarajiwa. Lakini ya kufunga yalipanda kutoka 84 hadi 89, na pointi kutoka 75 hadi 97, ikatwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mjini Madrid na mwaka uliofuata ubingwa wa Uingereza. Trent Alexander-Arnold alitoa pasi 12 za mabao katika ligi ule msimu wa 2018/19 na Andrew Robertson 11. Ni mabeki wawili wa pembeni, waliokuwapo kabla ya msimu huo, ambao sasa walikuwa na ruhusa ya kupanda kwa sababu mtu wa nyuma yao alikuwa anatosha kwa wawili.

Sidai kwamba beki ni dawa ya kila ugonjwa. Arsenal ilimnunua beki Riccardo Calafiori mwaka 2024 bila kumnunua mshambuliaji wa kati, na mabao yake ya ligi yakaporomoka kutoka 91 hadi 69. Kai Havertz, Bukayo Saka na Gabriel Jesus waliumia, na hakukuwa na wa kuziba nafasi zao. Pale ukuta ulikuwa tayari umekamilika, pengo lilikuwa mbele, na waliopiga kelele wakitaka mfungaji walikuwa sahihi. Mwaka 2025 klabu ikamsajili mshambuliaji Viktor Gyökeres. Ninachodai ni kwamba upande wa ulinzi huombwa ushahidi ambao upande wa ushambuliaji hauombwi. Bao lina mwenyewe, lina picha na lina jezi ya kuuzwa dukani. Bao lililozuiwa halina jina la mtu, na lile lililofungwa upande wa pili kwa sababu beki wa pembeni alithubutu kupanda linaandikwa kwa jina la mtu mwingine. Mkurugenzi anayetakiwa kutetea matumizi ya pauni milioni 100 atavutwa kwenye kile kinachohesabika, na hilo linaeleweka bila kuwa sahihi.

Mwaka 2025 Liverpool yenyewe, ikiwa bingwa, ilivutwa huko. Ilimnunua kiungo mshambuliaji Florian Wirtz, ikamnunua mshambuliaji Hugo Ekitike, na siku ya mwisho ya dirisha ikamnunua mshambuliaji mwingine, Alexander Isak, kwa pauni milioni 125, rekodi ya Uingereza. Siku hiyohiyo usajili wa beki wa kati Marc Guéhi kutoka Crystal Palace ulikwama. Mabeki wawili wa pembeni, Milos Kerkez na Jeremie Frimpong, walikuwa wamenunuliwa, pamoja na beki kijana wa kati, Giovanni Leoni, ambaye aliumia goti katika mchezo wake wa kwanza. Novemba, ndani ya siku tano, ilifungwa 3-0 na Nottingham Forest na 4-1 na PSV, mara zote mbili Anfield, uwanja wake wa nyumbani. Klabu hiyo ilikuwa pia katika msiba wa mshambuliaji wake Diogo Jota, aliyefariki Julai, na hakuna uchambuzi wa usajili unaopaswa kuyapima matokeo ya wachezaji wale bila kukumbuka walimzika nani. Lakini bado mtu ana haki ya kuuliza kama fedha za mshambuliaji wa tatu hazingewasaidia wawili wa kwanza zaidi kama zingetumika nyuma yao. Real Madrid, dirisha hilohilo, ilikwenda njia nyingine kabisa: Dean Huijsen, Alexander-Arnold na Álvaro Carreras, mabeki watatu, jambo ambalo ni gumu kulisoma vinginevyo isipokuwa kama kukiri kilichotokea mwaka mmoja nyuma.

Na pale klabu inapoamua kwamba mshambuliaji ni lazima, swali la ulinzi bado halijaisha, linahamia tu kwa huyo mshambuliaji: atafanya nini mpira ukipotea? PSG ilijibu swali hilo katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Munich, tarehe 31 Mei 2025. Kila mara kipa wa Inter, Yann Sommer, alipouweka mpira kuupiga, mshambuliaji Ousmane Dembélé alisimama ukingoni mwa boksi, amejikunja kama mwanariadha anayesubiri mlio wa bastola, macho kwa kipa. Hakufunga bao usiku ule. PSG ilishinda 5-0, na bao la kwanza, dakika ya 12, lilifungwa na Achraf Hakimi, beki wa kulia, akiwa hatua chache tu kutoka mstari wa goli.